Pima Kwanza, Ndipo Uuze

Kijana wangu fundi,

Ninakuandikia wewe uliyepanga bati za stenlesi ndani ya mtungi wa plastiki, ukamimina maji yenye kostiki kidogo, ukaunganisha betri, na mapovu yakaanza kupanda. Sikutaji jina kwa sababu si mmoja. Uko Igoma, uko Nyakato, uko Sengerema ng'ambo ya pili, na mwenzako yuko Musoma. Mitungi yenu inafanana, na kila mmoja ana ile video ya simu ambamo mapovu yanawashwa kwa kiberiti, yanalia pa! na watu wanapiga makofi.

Hongera, na sisemi kwa kejeli. Mwanza ni mji wa watu wa mikono. Mtaa wa Makoroboi umepata jina lake kwa taa zilizotengenezwa hapo kutokana na makopo yaliyotupwa, na mpaka leo mafundi wa hapo wanageuza chuma chakavu kuwa chombo cha nyumbani. Kijana anayeokota kitu kilichokataliwa akakipa kazi ni mtoto halali wa mji huu. Mzazi anayekufokea uache michezo angeanza kwa kuuliza mtungi wako unafanyaje kazi. Kwa hiyo sina ugomvi na mtungi. Nina neno kuhusu mdomo wako, jirani zako, na pesa za watu.

Nianze na yaliyo kweli, maana huko ndiko unakopata ujasiri. Maji kweli yana gesi inayowaka ndani yake. Mwingereza Henry Cavendish aliieleza gesi hiyo mwaka 1766, na mwaka 1800 wenzake wawili, Nicholson na Carlisle, walipitisha umeme wa betri ndani ya maji wakaona haidrojeni ikitoka upande mmoja na oksijeni upande wa pili. Wanafunzi wa kidato cha pili hapa kwetu wameisoma haidrojeni pamoja na huo mlio wa pa! unaokusisimua. Wala si mambo ya maabara tu. Kule Aswan, Misri, kiwanda cha mbolea cha Kima kilianza mwaka 1960 kuchanganua maji ya Mto Nile kwa umeme wa bwawa, kikapata haidrojeni ya kutengenezea amonia. Maji ya ziwa letu yanatoka Jinja, yanapita Uganda na Sudan Kusini na Sudan, na yanafika Aswan. Basi jambo unaloliita la kwako, ziwa lenyewe limeshalipitia kabla hujazaliwa.

Tena usiende mbali. Nenda mwaloni jioni, uangalie vibanda vya kuchaji betri. Wavuvi wa dagaa ambao zamani walitoka na karabai sasa wengi wanatoka na taa za betri, na asubuhi betri hizo hurudi kuchajiwa. Betri ya maji inapokaribia kujaa, yale mapovu unayoyasikia yakichemka ndani yake ni haidrojeni na oksijeni, gesi zile zile za mtungi wako. Ndiyo maana fundi mzoefu hufungua madirisha, na huwezi kumwona akiwasha sigara juu ya betri. Wapo waliojifunza somo hilo kwa asidi usoni. Wazee hao wa kuchaji ndio walimu wako wa kwanza, na ningekushauri uketi nao kabla hujaketi na mwenye kamera.

Sasa tuje kwenye yasiyo kweli.

Umeanza kusema kwamba pikipiki itatembea kwa maji. Siku nyingine unapunguza, unasema maji yatapunguza mafuta kwa nusu. Na kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA inapotangaza bei mpya za mafuta, sauti yako inapanda zaidi, kwa kuwa unajua nani anasikiliza: dereva wa bodaboda anayehesabu chenji, tajiri wa mitumbwi anayenunua petroli ya injini kila usiku wa giza. Hapo ndipo nasaha yangu inapoanzia. Mwenye njaa akiahidiwa chakula haulizi maswali mengi, na anayejua hivyo akamwahidi bila uhakika amemdhulumu, hata kama mwenyewe anaamini anachosema.

Hesabu unaiweza, basi tuifanye pamoja. Chukua betri ya volti 12, uvute ampea 10 kwa saa nzima. Umetumia wati-saa 120. Kama mtungi wako una jozi moja tu ya bati, ampea hizo 10 kwa saa zitakupa haidrojeni kama lita 4, na haipandi zaidi ya hapo hata ukiisomea dua, kwa sababu kiasi cha gesi kinaamuliwa na ampea na muda. Lita 4 hizo zikiungua zinatoa joto la wati-saa 12 au 13. Umeweka 120, umevuna 12. Zilizobaki zimepasha maji moto. Shika mtungi kwa mkono uone. Ukiwa fundi hodari utapanga seli sita moja baada ya nyingine, upate lita kama 25 na joto la wati-saa 75. Vizuri, umepanda sana. Lakini joto si mwendo. Injini ndogo ya petroli ikifanikiwa kugeuza robo ya joto kuwa nguvu ya kuzungusha gurudumu imejitahidi, kwa hiyo mkononi unabaki na 19 hivi. Na ile 120 ya mwanzo ilitoka wapi? Ilitoka kwenye betri, na betri ilijazwa na altaneta, na altaneta inazungushwa na injini, na injini inakunywa petroli. Umezunguka mlima na kurudi ulipotoka, ukiwa na kidogo kuliko ulichoondoka nacho.

Utaniambia, mzee, mimi sitaki kuondoa petroli, nataka kuisaidia tu. Haya. Tuseme mtungi wako unatoa lita moja nzima ya gesi kila dakika, na hiyo ni kazi kubwa kwa chombo cha nyumbani. Theluthi mbili zake ni haidrojeni, yaani lita 40 kwa saa, joto la wati-saa 120. Lita moja ya petroli ina joto la karibu uniti 9, uniti zile zile unazonunua za LUKU. Ni wati-saa 9,000. Msaada wako ni sehemu moja kwa sabini na tano ya lita moja. Ukipunguza mwendo kidogo barabarani utaokoa zaidi ya hapo, na bila kostiki.

Sikwambii hivi ili nikuvunje moyo. Hata viwanda vyenye mitambo ya kisasa hutumia uniti zaidi ya 50 kupata kilo moja ya haidrojeni, ambayo ikiungua inarudisha joto la uniti kama 33. Kila anayechanganua maji anajua anapoteza. Anakubali hasara hiyo kwa kuwa ana umeme mwingi na rahisi, au kwa kuwa anataka haidrojeni yenyewe kwa kutengenezea mbolea na si kwa kuendeshea gari. Kima yenyewe baadaye ilihamia gesi asilia. Maji ni majivu ya haidrojeni iliyokwisha kuungua. Kuyarudisha kuwa kuni lazima ulipe.

Pale Mwaloni Kirumba, mizani ya muuza samaki hukaguliwa na Wakala wa Vipimo na kugongwa muhuri. Akikutwa ameipindisha anatozwa faini, na wanunuzi wanamtolea maneno. Biblia na Kurani zote zinalaani mizani ya hila, na sidhani kama kuna msikiti au kanisa Mwanza ambako hujawahi kusikia mawaidha hayo. Sasa niambie, yule anayepunguza robo kilo kwenye sangara na wewe unayesema nusu ya mafuta itaokolewa bila kupima hata mara moja, nani ana mizani mibovu zaidi? Mwenzako ana mizani iliyopinda. Wewe huna mizani kabisa, lakini unataja kilo.

Yaliyowapata wengine yapo wazi. Novemba 2012, kwenye maonyesho ya wabunifu ya Maker Faire Africa mjini Lagos, Nigeria, wasichana wanne wa shule walionyesha jenereta iliyochanganua mkojo kwa umeme, ikatoa haidrojeni, nayo ikachomwa kwenye injini. Kazi ya mikono ilikuwa safi na umri wao ulikuwa mdogo. Mkubwa wao alikuwa na miaka 15. Lakini habari ilipotoka pale ikasafiri dunia nzima ikiwa imekuwa kitu kingine: lita moja ya mkojo, saa sita za umeme. Umeme uliotumika kuchanganua huo mkojo ukasahauliwa njiani. Wanasayansi walipouliza, waliopaswa kujibu ni watu wazima waliopaza habari bila kuuliza swali moja. Nalilia zaidi hilo kuliko jenereta.

Mwingine hakuwa mtoto. Stanley Meyer wa jimbo la Ohio, Marekani, alidai kwamba gari lake linakwenda kwa maji, akachukua pesa za watu waliotaka kuwa mawakala wake. Wawili wakampeleka mahakamani. Wataalamu wakaikagua seli yake, wakakuta ni uchanganuzi wa maji wa kawaida, hauna lolote jipya, na mwaka 1996 mahakama ikaamua kuwa ni ulaghai, ikamwamuru arudishe dola 25,000. Mpaka leo wako wanaoapa kwamba alikuwa na siri kubwa na alionewa. Njia ya mwongo ni fupi, ila mashabiki wake hutembea mbali.

Basi upime vipi? Anza na kilicho chepesi. Jaza chupa maji, uigeuze kichwa chini ndani ya beseni, upitishe bomba la gesi ndani yake, uangalie saa. Chupa ya lita moja imejaa gesi kwa dakika ngapi, kwa ampea ngapi, kwa volti ngapi? Andika. Halafu mwaga gesi hiyo nje, usiihifadhi. Rudia kesho kwa maji baridi, rudia kwa maji yaliyopata moto, na uandike namba zote, hasa zile zilizokukera. Daftari lenye namba nzuri tupu ni la mtu aliyechagua.

Kwenye pikipiki ndipo watu wengi hujidanganya, tena kwa nia njema. Dereva akijua kifaa kimefungwa, anaendesha taratibu, anazima injini kwenye foleni ya Buzuruga, anakwepa kuvuta mafuta kwa fujo. Mwisho wa siku mafuta yamebaki, sifa zinakwenda kwa mtungi, na aliyeokoa ni mkono wake. Kwa hiyo usimwambie. Mtu wa tatu, asiye wewe wala yeye, awe ndiye anayewasha na kuzima kifaa chini ya kiti, siku hii kinawaka, siku ile hakiwaki, na atunze orodha hiyo mfukoni. Njia iwe ile ile, mzigo uwe ule ule, mafuta yapimwe kwa chombo chenye alama na si kwa kuchungulia tangi. Baada ya wiki kadhaa ndipo mfungue orodha mbele ya watu. Kama kifaa kinafanya kazi, orodha itasema bila wewe kufungua mdomo. Kama hakifanyi, umejua kwa gharama ya wiki chache badala ya heshima ya maisha. Kizuri chajiuza, kibaya ndicho chajitembeza.

Nije kwa jirani. Hapa sitabembeleza.

Haidrojeni inawaka ikiwa imechanganyika na hewa kuanzia asilimia 4 mpaka 75. Cheche inayohitajika kuiwasha ni kama sehemu moja ya kumi ya ile inayowasha mvuke wa petroli. Swichi ya taa inatosha. Mwali wake mchana hauonekani vizuri. Ni nyepesi mara 14 kuliko hewa, kwa hiyo inapanda na kukusanyika chini ya mabati, pale pale juu ya kitanda cha mdogo wako. Na ya mtungi wako ina hatari zaidi, kwa sababu mara nyingi inatoka imechanganyika na oksijeni yake tayari, haingoji hewa. Gesi hiyo haifungwi kwenye chupa ya soda, wala kwenye baluni, wala kwenye mtungi wa gesi ya kupikia, hata kwa dakika moja, hata kwa maonyesho. Fanyia kazi mahali pa wazi pasipo paa. Kati ya mtungi na moto weka chupa ya pili yenye maji, gesi ipite majini kwanza, ili moto ukirudi nyuma uishie pale. Kostiki ambayo mama zetu wanatengenezea sabuni inapofusha jicho. Vaa miwani na uweke ndoo ya maji safi karibu. Usitumie chumvi kwa kuwa ni rahisi: chumvi inaleta gesi ya klorini, nayo inakwenda kwenye mapafu ya mtu asiyejua hata unafanya nini. Watoto wa mtaa wanapenda kuzunguka fundi. Wafukuze kwa upole, lakini wafukuze.

Na usithubutu kuufunga mtungi huo kwenye mtumbwi wenye watu. Nimesikia mpango huo, kwamba jaribio la kwanza liwe usiku ziwani, kwenye dagaa, kwa kuwa huko petroli ndiyo inayoumiza. Ziwa hili si maabara. Mwanza inakumbuka tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipopinduka ikiwa imekaribia bandari. Tumbo la meli lilibaki juu ya maji, na ndani walikuwapo watu walio hai wakigonga. Waliokuja kuokoa wakatoboa chuma ili wawafikie, hewa iliyokuwa imeishikilia meli ikatoka, na ikazama. Hakuna aliyekusudia ubaya siku ile. Walioondokewa na ndugu zao wanajua kwamba kutokusudia hakukumrudisha mtu nyumbani. Mwenye roho yake aijaribie mwenyewe akitaka. Roho za wavuvi sita waliopanda kutafuta ada za watoto haziwezi kuwa kipimo chako.

Sasa, ukigundua kwamba hesabu imekukataa, utafanya nini? Wengi hapo ndipo wanapoanza kuficha. Mtungi unafunikwa kwa kitambaa cheusi, waya zinazibwa kwa gundi, mtu akiuliza unasema ni siri ya biashara. Mficha uchi hazai, kijana wangu. Kitu cha kweli kinalindwa kwa kusajiliwa BRELA, ambako ili upewe hataza unalazimika kueleza wazi kitu chako kinavyofanya kazi. Peleka kazi yako kwa walimu wa VETA, au SIDO, ambayo tangu mwaka 1973 ipo kwa ajili ya watu kama wewe, au kwenye mashindano ya ubunifu ya MAKISATU. Waambie: nimefika hapa, hapa nimekwama. Utashangaa watu wanavyomheshimu anayesema amekwama. Na ujuzi ulioupata haupotei. Kijana anayejua ampea, anayejua gesi ya betri inavyotoka na jinsi ya kuipitisha nje ya kibanda, anaweza kutengeneza vibanda salama vya kuchaji mialoni kuanzia Kayenze mpaka Ukerewe. Kazi hiyo haina makofi. Ina wateja.

Neno dogo kwa wakubwa wenzangu. Diwani anayepiga picha na mtungi, mwandishi anayeandika "kijana avumbua gari la maji" bila kuuliza umeme umetoka wapi, mchungaji au shehe anayeombea kifaa kibarikiwe kabla hakijapimwa: mnampandisha mtoto juu ya paa na kuondoa ngazi. Swali moja tu linatosha kumsaidia. Muulizeni, ukitoa betri hiyo, kinaendelea? Na ninyi matajiri wa mitumbwi, msinunue kwa kuoneshwa mapovu. Mapovu hata sabuni inatoa. Ombeni daftari.

Narudi kwako kwa la mwisho, nalo linahusu pesa. Nimeambiwa wapo waliokwisha kutoa. Mjomba kauza ng'ombe huko Misungwi ili upate bati na betri, na madereva wawili watatu wametanguliza malipo ya kifaa ambacho hujakipima. Pesa ya mjomba ni deni la ukoo. Nenda ukamweleze hali ilivyo, ukiwa umekaa chini, kabla hajasikia kwa wengine, na mpange namna ya kulipa kidogo kidogo. Pesa ya madereva haina mjadala. Mrudishie kila mmoja yake wiki hii, yote. Kama umeshaitumia, uza hiyo betri.

Kisha endelea kupima.